Karavani yaenda mrama, nyama inaoza, na mume hataki kuacha mvinyo

Shikamoo shangazi.

Mimi na mume wangu tulinunua karavani ya kukokota na gari, si mpya lakini nzima. Sote wawili tunapenda kula vizuri, kwa hiyo hatukutaka safari ya mikate mikavu na maharagwe ya kopo. Tulitaka nyama iliyopikwa ikapikika, mboga mbichi na chupa nzuri kila jioni. Mambo yakawa kinyume.

Kwanza, barabarani. Tukiwa kwenye mteremko, karavani ilianza kuyumba kushoto kulia mpaka gari nalo likawa linavutwa. Mume wangu akakanyaga breki, ndiyo ikazidi. Tuliponea chupuchupu. Yeye anasema ni upepo wa lori lililotupita. Mimi nasema ni yale makasha matatu ya mvinyo aliyoyasukumia chini ya kitanda cha nyuma, pamoja na tangi la maji alilolijaza hadi juu ili tusihangaike njiani.

Pili, friji. Tulipakia kuku, nyama na maziwa asubuhi ya kuondoka, tukaiwasha kwa umeme wa gari. Jioni kila kitu kilikuwa vuguvugu, kuku tukamtupa. Kambini tuliiwasha kwa gesi, haikupoa mpaka siku ya pili, na kituo kilichofuata ikagoma tena.

Tatu, kupika. Tunafika jua linazama, tumechoka, na yeye ndiyo kwanza anakata nyama ya kuchemka masaa mawili. Tunakula watu wote kambini wamelala. Mtungi wa gesi ulituishia katikati ya safari. Tulipopata mwingine tukapanda milimani, asubuhi moja ya baridi moto ukawa hauna nguvu ijapokuwa mtungi ulikuwa mzito. Siku ya mvua akataka kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema la ubavuni. Nilikataa, tukanuniana mpaka kesho yake.

Na huo mvinyo wenyewe! Chupa kadhaa vizibo vilikuwa vimesukumwa juu, ukionja unapata ladha ya matunda yaliyochemshwa. Usiku tunamaliza chupa mbili sisi wawili, asubuhi saa mbili yuko kwenye usukani. Nikimwambia, jibu lake ni kwamba amelala, ameamka, amekunywa kahawa. Siku moja tulipochelewa aliniomba nikae ndani ya karavani ikiwa inatembea nimenye vitunguu ili tukifika tuanze kupika.

Mwezi ujao tunaondoka tena kwa wiki mbili. Sitaki kuacha kupika wala kunywa. Nataka nisiogope, na tusigombane. Tufanyeje?

Mke wa Dereva

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Nianze na lisilo na mjadala. Usikae ndani ya karavani inayotembea, hata kwa kilomita moja. Hakuna mkanda, kuta ni nyembamba, na ikianza kuyumba kama ilivyoyumba ile siku, kisu kilicho mkononi mwako ndicho cha kwanza kuruka. Nchi nyingi zinakataza jambo hilo kisheria. Vitunguu vitamenywa siku nyingine.

Na kuna siku nyingine, maana hapo ndipo penye kiini cha matatizo yenu karibu yote. Mnalipanga jiko lenu kana kwamba siku zote za safari ni sawa. Siku ya mwendo na siku ya kutulia ni vitu viwili. Siku ya mwendo mtu amechoka, friji imekuwa ikibahatisha, maji ni machache, na kesho yake huenda kuna usukani tena. Siku ya kutulia karavani imesimama sawasawa, friji inapoa, saa zipo, na funguo za gari hazina kazi. Kitoweo cha masaa mawili na chupa ya pili ni mambo ya siku ya kutulia. Chukueni kalenda ya wiki zenu mbili, kila siku ipeni herufi M ya mwendo au K ya kutulia, halafu ndipo mpange chakula. Nikiangalia barua yako, ninyi mmeanza na chakula, barabara ikawekwa baadaye.

Sasa tuje kwenye kuyumba, kwa sababu hilo linaua.

Mumeo ana nusu ya haki. Lori linapokupita, hewa linayoisukuma huipiga karavani ubavuni. Lakini karavani iliyopakiwa vizuri hutikisika kidogo ikatulia. Inayoendelea kuyumba na kuzidi ni ile iliyo nyepesi mbele na nzito mkiani. Kanuni inayofuatwa na wakokotaji wengi ni kwamba uzito unaolalia ndoano ya gari uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wote wa karavani ikiwa imeshapakiwa, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa kwenye ndoano na kwenye kitabu cha gari. Karavani ya kilo 1,300 basi inataka kilo 65 hadi 91 pale mbele.

Tufanye hesabu ya yale makasha. Chupa ya mililita 750 pamoja na kioo chake ina kilo 1.2 hadi 1.3. Makasha matatu ya chupa 12 ni chupa 36, kilo 45 hivi. Tuseme kitanda cha nyuma kiko mita 2 nyuma ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, na ndoano iko mita 4 mbele ya ekseli. Karavani ni mzani, ekseli ndiyo katikati yake: kilo 45 mara 2 gawanya kwa 4 ni kilo 22.5 zilizonyanyuliwa kutoka mbele. Kama palikuwa na kilo 75 za kutosha kabisa, panabaki 52 na kitu, yaani asilimia 4. Hapo hata upepo wa daraja unatosha kuiamsha, achilia mbali lori kwenye mteremko. Na tangi la maji: lita moja ni kilo moja, tangi la lita 40 likijaa ni kilo 40. Safirini nalo likiwa tupu, mkiwa na dumu la lita 5 au 10 la njiani, mjaze mkifika.

Kupima si kazi ya fundi. Tafuteni sakafu tambarare, tieni kabari kwenye magurudumu. Kateni kipande cha ubao mnene chenye urefu wa kufika kwenye kichwa cha kufungia karavani ikiwa imekaa mlalo kama inavyokaa nyuma ya gari. Usimamisheni ubao juu ya mizani ya kupimia uzito wa mwili, kichwa kikae juu yake, halafu pandisheni lile gurudumu dogo la mbele mpaka lisiguse chini. Kinachosomeka kwenye mizani ndicho uzito wa mbele. Ukipungua, sogezeni mizigo mizito mbele kidogo ya ekseli. Msirundike kila kitu kwenye sanduku la mbele kabisa, kwani ukizidi nao unalalisha makalio ya gari, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii. Vizito vyote, kama sufuria ya chuma, makopo, hema na mvinyo, vikae chini sakafuni juu ya ekseli. Makabati ya juu ni ya majani ya chai na vikombe vya plastiki.

Ikitokea imeyumba tena, mguu utoke kwenye mafuta, usukani ushikwe ukiwa umenyooka, na mwendo upungue wenyewe. Breki ya ghafla ndiyo iliyowaongezea balaa, kwa sababu gari linapunguza mwendo huku karavani bado inasukuma kutoka nyuma, na inasukuma kwa upande. Kwenye mteremko, punguzeni mwendo na kuingia gia ndogo kabla hamjaanza kushuka. Na upepo wa tairi upimwe tairi zikiwa baridi, za karavani pia, ambazo watu huzisahau mpaka zipasuke.

Friji yenu, kwa maelezo yako, ni ile ya njia tatu: gesi, umeme wa kambini, na volti 12 za gari. Hii haina mashine inayonguruma kama ya nyumbani. Inapoza kwa kupasha moto mchanganyiko wa amonia na maji, halafu kimiminika kinarudi chini chenyewe kwa kufuata mteremko wa mabomba. Ndiyo maana ina tabia mbili ambazo lazima mzijue. Ya kwanza, ni ya polepole mno, inahitaji saa 12 hadi 24 kufika baridi yake. Ya pili, ikiinama zaidi ya nyuzi kama 3, kimiminika kinakwama na upozaji unakufa hata kama moto unawaka vizuri. Ile kambi ambako iligoma, nashuku sana kwamba karavani ilikuwa imeinama.

Kwa hiyo iwasheni siku moja kabla ya safari, nyumbani, kwa umeme wa ukutani. Kinachoingia kiingie kikiwa tayari baridi au kimegandishwa. Volti 12 za gari hazipozi, zinatunza tu baridi iliyokwishapatikana, tena injini ikiwa inanguruma. Mkizima gari kula chakula cha mchana na swichi ikabaki pale, mnaweza kukuta betri imekufa. Msiiendeshe kwa gesi barabarani. Mtungi ufungwe kabla ya kuondoka, na hasa kabla ya kuingia kituo cha mafuta. Acheni nafasi ya hewa kati ya vyombo, na matundu ya nje ya friji yasizibwe na hema. Kama mna uchaguzi wa namna ya kuegesha, ubavu wenye matundu hayo uangalie kivulini wakati wa mchana, kwa sababu joto la nje likivuka nyuzijoto 32 hivi friji za aina hii huanza kulemewa.

Mkifika kambini, fuateni mpangilio huu bila kuurukaruka. Kwanza wekeni sawa upande wa kushoto na kulia, kwa kupandisha gurudumu la upande wa chini juu ya ngazi ya plastiki au ubao, karavani ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Kisha breki ya mkono na kabari. Kisha ifungueni kutoka kwenye gari. Ndipo mweke sawa mbele na nyuma kwa gurudumu dogo la mbele. Miguu minne ya kona huteremshwa mwisho kabisa, ikaze tu. Si jeki hiyo. Ukiinyanyulia karavani utapinda sakafu na milango haitafunga. Pimamaji ikae juu ya sakafu ya friji yenyewe, usiiweke juu ya meza, maana meza za karavani hudanganya.

Nunueni kipimajoto kidogo, mkitie ndani ya kikombe cha maji katikati ya friji. Maji hayababaiki kila mlango unapofunguliwa, kwa hiyo mtasoma joto la kweli la chakula. Kisomeke 5 au chini. Kati ya nyuzijoto 5 na 60 vijidudu huzaana kwa kasi, na chakula cha kuharibika haraka kilichokaa humo zaidi ya saa mbili, au saa moja siku ya joto kali, hakifai. Kumtupa yule kuku mlifanya vizuri.

Sasa chakula chenyewe. Mpangilio mzuri unafuata upesi wa kuoza: samaki na nyama ya kusaga siku mbili za mwanzo, kisha kuku na vipande vikubwa vya nyama vilivyogandishwa kama jiwe, kisha mayai, jibini ngumu na soseji zilizokaushwa, na mwisho dengu, mchele, viazi, kabichi na vya kopo mpaka mpite mahali pa kununua upya. Nyama igandisheni ndani ya mifuko ikiwa imelazwa bapa, unene wa sentimita 2 au 3. Mifuko bapa inapangika, inakuwa barafu ya friji siku ya kwanza, na inayeyuka kwa usiku mmoja ndani ya friji badala ya siku mbili. Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa, ndani ya bakuli lenye kingo, ili karavani ikipita kwenye shimo damu isidondokee saladi.

Kile kitoweo cha mumeo sikikatazi. Nakihamisha. Kipikwe nyumbani siku tatu kabla, kigandishwe, kiwe chakula cha usiku wa kwanza. Kwa watu wawili wenye hamu: nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo, vipande vya sentimita 4, vikaushwe kwa karatasi kwanza. Vikaangwe kwa vijiko viwili vikubwa vya mafuta, kwa awamu mbili. Mkivitia vyote kwa pamoja sufuria inapoa, nyama inatoa maji na inachemka badala ya kubadilika rangi, na ladha yote ya kitoweo inategemea ile rangi ya kahawia. Toeni nyama, tieni vitunguu viwili na karoti mbili, kijiko kimoja cha nyanya ya kopo nzito, mkaange mpaka inanata chini. Mimineni mililita 250 za mvinyo mwekundu mkavu, mkikwangua chini kwa mwiko, uchemke mpaka ubaki nusu. Rudisheni nyama, maji mililita 250, chumvi, jani la bay (jani kavu la kiungo), na moto mdogo kabisa kwa saa moja na nusu hadi mbili.

Msipikie mvinyo kwenye sufuria ya alumini tupu. Asidi yake hula chuma hicho na mchuzi unatoka na ladha ya sarafu mdomoni. Tumieni chuma cha pua au yenye enameli. Na asiwadanganye mtu kwamba pombe yote huruka: kwa robo saa ya kuchemka hubaki karibu asilimia 40 yake, kwa saa mbili na nusu karibu asilimia 5.

Usiku wa kufika mnakipasha moto mpaka kitokote kweli, dakika 15, na mkate. Usiku mwingine wa M uwe wa mayai na mboga kwenye kikaango kimoja, au tambi, au dengu za kopo na kitunguu. Wekeni sheria ya dakika 20 kutoka kuwasha jiko hadi kukaa chini. Wali mkiupika mwingi, usilale ndani ya sufuria: utandazeni kwenye sahani upoe, uingie friji ndani ya saa moja, uliwe kesho. Kuna kijidudu cha wali ambacho sumu yake haifi hata ukipasha moto tena, na kutapika kwenye karavani ya watu wawili ni jaribio la ndoa.

Mkaa ni wa siku ya K. Kilo moja hadi moja na nusu inatosha watu wawili. Usubirini nusu saa mpaka uvikwe jivu la kijivu, ukusanyeni upande mmoja, upande wa pili uwe mtupu. Nyama iungue nje upande wa moto, imalizie ndani upande usio na moto.

Na hapa nakupongeza kwa kununa. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na unatoa hata pale unapoonekana umezimika, masaa mengi baadaye. Watu hufa usingizini kwa sababu ya jiko "lililokwisha" waliloliingiza hemani lipashe joto. Kufungua zipu ya hema hakutoshi. Jiko la gesi la karavani nalo si la kupashia joto chumba. Pikeni dirisha likiwa wazi. Wekeni king'ora cha kaboni monoksaidi ndani, mkibonyeze kukijaribu kila mnapobadili kambi.

Gesi iliwaishia kwa sababu mlidhani jiko ndilo linaloitafuna. Kichomeo cha kilowati 2 kikiwaka kwa nguvu zote kinatumia gramu 145 hivi kwa saa. Kupika saa moja na nusu kwa siku ni gramu 200 na ushee. Friji kwenye gesi usiku na mchana inakunywa gramu 250 hadi 400. Jumla ni kama nusu kilo kwa siku, na mtungi wa kilo 6 unafika siku 12 mkiwa waangalifu. Pale ambapo kambi ina umeme, friji ikae kwenye umeme, na mtungi huohuo utawapikia karibu mwezi mzima. Kujua kilichobaki, pimeni mtungi kwenye mizani, mtoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye shingo yake.

Ile asubuhi ya milimani mtungi haukuwa na kosa. Huenda ulikuwa wa butani, ambayo ikikaribia nyuzijoto 0 inakataa kugeuka mvuke na inabaki majimaji chini ya mtungi. Propani inaendelea kufanya kazi hadi 42 chini ya sifuri. Mkijua mnakwenda kwenye baridi, chukueni propani, na muulize kama regyuleta yenu, kile kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi, inaikubali. Kuupasha mtungi kwa moto, hata wa mshumaa, ni kutafuta msiba. Kila mkibadili mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye maungio na urefu wote wa mpira. Povu likivimba, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hushuka chini na kutokea kwenye matundu ya sakafuni, kwa hiyo msiyafunike kwa zulia au viatu. Mkipika nje kwa jiko dogo lenye kopo la gesi chini yake, msilizungushie kizuia-upepo pande zote, kwa sababu joto linarudi kwenye kopo nalo linaweza kulipuka. Upande mmoja tu, ule upepo unakotoka.

Mvinyo sasa. Vizibo vilivyosukumwa juu ni joto. Gari lililofungwa juani linapita nyuzijoto 50, na mvinyo uliokaa juu ya 30 kwa masaa umeanza kupikwa: unapanuka, unasukuma kizibo, hewa inaingia, na matunda yake yanakuwa kama jamu. Hauponi tena, utumieni kupikia. Pa kuuweka ni palepale pa kwenye ekseli, sakafuni, umefungwa ndani ya blanketi la usiku, mbali na ukuta wa juani. Wenye mapovu una mgandamizo mara mbili ya tairi ya gari au zaidi, kwa hiyo ule unywewe mwanzoni au usije kabisa.

Lakini shauri langu hasa ni kupunguza kioo. Boksi la lita 3 lenye mfuko ndani ni sawa na chupa 4, lina kilo 3 na kidogo badala ya 5, halivunjiki, na likifunguliwa linadumu wiki kadhaa kwa sababu mfuko unasinyaa na hewa haiingii. Chupa iliyofunguliwa ina siku tatu hadi tano, tena ndani ya friji. Boksi moja jeupe, moja jekundu, na chupa sita nzuri za usiku wa K: hizo zote pamoja hazifiki kilo 15. Mengine mtanunua njiani.

Kupoza msiitumie friji, itawachukua nusu siku na kuyapa joto maziwa. Tieni chupa ndani ya ndoo yenye barafu, maji ya kuizamisha hadi shingoni, na konzi mbili za chumvi. Dakika 15 hadi 20 umepoa. Barafu bila maji haifai, inagusa kioo sehemu chache tu. Hamna barafu? Taulo lililoloweshwa, lizungushwe kwenye chupa, lining'inizwe kivulini penye upepo; litapunguza nyuzi kadhaa, na kwa mwekundu hilo ndilo hasa linalotakiwa, kwa maana mwekundu unapendeza kwa 16 hadi 18 na si kwa joto la karavani ya mchana.

Kuhusu kahawa ya asubuhi, mwonyeshe mumeo hesabu hii. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 13.5 ina gramu 80 hivi za pombe halisi. Chupa mbili kwa watu wawili ni gramu 80 kila mmoja. Mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna kahawa, kuoga wala usingizi unaoharakisha. Aliyemaliza saa tano usiku, saa mbili asubuhi amepata saa tisa: ini lake limeondoa gramu 63 hadi 90. Kama ni la polepole, yuko kwenye usukani na pombe damuni, akikokota kilo 1,300. Na wewe, kama mwili wako ni mdogo kuliko wake, uko pabaya zaidi yake. Usiku unaotangulia siku ya M, glasi moja ya mililita 150 kila mtu, pamoja na chakula, basi. Usiku wa K, kunyweni mnavyotaka, na funguo zikae mahali mnapopajua wote wawili.

Kabla ya mwezi ujao, laleni usiku mmoja ndani ya karavani ikiwa imeegeshwa nyumbani, imepakiwa yote mtakayobeba. Pimeni uzito wa mbele. Washeni friji kwa gesi, msome kipimajoto baada ya saa 24. Kikiwa bado juu ya 5 na pimamaji inasema mko sawa, mwiteni fundi wa gesi afungue kichomeo cha friji: mara nyingi ni masizi kwenye bomba la moshi au tundu la gesi lililozibwa na buibui, kazi ya muda mfupi kwa anayeijua. Isiporekebishwa kwa wakati, nyama mbichi ibaki, ondokeni na mayai, jibini ngumu na dengu.